Kuchora barafu isiyokuwepo: mwongozo wa kuirudisha ngao ya barafu ya Skandinavia kwenye ramani

Mji wa Lahti, kusini mwa Ufini, umekaa juu ya tuta. Ukiwa pale mjini huoni ajabu yoyote: mchanga, kokoto, misonobari, na minara ya kurukia kwa ski. Fungua ramani ya mwinuko ndipo utashtuka. Tuta haliishii Lahti. Linatoka Hanko, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya nchi, linapinda kupita Lahti na Lappeenranta, kisha linakata kuelekea mashariki upande wa Joensuu, kilomita zaidi ya 500, na sambamba nalo kuna tuta la pili. Wafini wanayaita Salpausselkä. Hapo ndipo ukingo wa ngao ya barafu, yaani tandiko kubwa la barafu lililofunika nchi, uliposimama kwa karne kadhaa, kati ya takriban miaka 12,700 na 11,600 iliyopita, kabla haujarudi nyuma moja kwa moja.

Watu huuliza: nani alikuwepo akaona? Hakuna. Ila barafu iliacha mashahidi, na kila shahidi anajua jambo moja tu. Tuta linajua mahali, halijui lini. Jiwe linajua lini, halijui unene. Pwani iliyoinuka inajua uzito. Bahari inajua jumla ya barafu yote ya dunia lakini haijui ilikuwa nchi gani. Ninachotaka kukuonyesha hapa ni jinsi ya kuwahoji mmoja mmoja, kabla ya kuwaweka chumba kimoja. Ukiwakutanisha mapema wataigana maneno, na hutajua nani alisema ukweli.

Unahitaji kompyuta ya kawaida, programu ya ramani ya QGIS ambayo ni ya bure, na uvumilivu wa kusoma majedwali.

Hatua ya 1: Kata eneo, kata na muda

Ngao ya Skandinavia ilipofikia ukubwa wake wa mwisho, miaka kama 21,000 iliyopita, ilifunika Norwei, Uswidi, Ufini na nchi za Baltiki, ikashuka hadi kaskazini mwa Ujerumani na Poland, na upande wa kaskazini ikashikana na barafu ya Bahari ya Barents. Usianzie hapo. Chukua mraba wa kilomita 100 kwa 100 wenye Lahti katikati, na kipindi cha miaka 13,000 hadi 11,000 iliyopita. Ukiweza mraba huo, utaweza mingine.

Idara ya upimaji ya Ufini, Maanmittauslaitos, inatoa bure data ya mwinuko iliyopimwa kwa leza kutoka angani, yenye nukta kila mita 2. Faili zake ni nzito. Kama unaishi kwa bando la simu, pakua kipande kimoja kwanza, au anza na data ya Copernicus yenye nukta kila mita 30, ambayo inapatikana kwa dunia nzima. Kwa mita 30 utaiona Salpausselkä vizuri kabisa. Utakachokosa ni matuta madogo ya urefu wa mita mbili tatu, na hayo utayahitaji baadaye.

Ndani ya QGIS tengeneza ramani ya vivuli, lakini tengeneza mbili: moja mwanga ukitoka kaskazini-magharibi, nyingine kaskazini-mashariki. Tuta linaloelekea uleule mwanga unakotoka halitoi kivuli, kwa hiyo linapotea machoni. Wengi wamechora ramani zenye matuta ya upande mmoja tu, wakaandika kwamba barafu ilipenda upande huo.

Hatua ya 2: Soma ardhi kabla ya kusoma maandishi ya watu

Chora alama unazoziona wewe kwanza. Ukianza na ramani ya mtaalamu, jicho lako litamtii yeye.

Alama za kutafuta si nyingi. Mikwaruzo kwenye mwamba na vilima vyembamba vyenye umbo la kijiko kilichofunikwa, viitwavyo dramlini, vinakuonyesha barafu ilikuwa inatambaa kuelekea wapi. Eska ni tuta jembamba linalopindapinda kama nyoka. Ni mchanga wa mto uliokuwa ukipita kwenye handaki chini ya barafu, na kwa kawaida unaelekea ukingoni. Moreni ni lundo la udongo na mawe lililosukumwa au kuachwa pale pale ukingoni.

Halafu kuna delta, na hapa ningependa ukae kidogo, kwa sababu ndiyo zawadi kubwa ya eneo hili. Barafu ya Lahti haikuishia nchi kavu. Iliishia ndani ya maji, katika ziwa kubwa la maji baridi lililojaza bonde la Baltiki. Mito iliyotoka chini ya barafu ilimwaga mchanga ziwani hadi mchanga ukafika usawa wa maji, ukaanza kutandazika. Ndiyo maana sehemu nyingi za Salpausselkä zina kichwa bapa kama meza. Ubapa huo ni rula: mwinuko wake ndio usawa wa ziwa siku zile. Shahidi mmoja, habari mbili: ukingo ulikuwa hapa, na maji yalifika hapa.

Pima vichwa vya delta za tuta la pili, nawe utakuta jambo la kushangaza. Ziko za viwango viwili, na tofauti yake ni mita 25 au zaidi kidogo. Ziwa lilishuka ghafla. Barafu ilipoachia njia karibu na mlima Billingen, katikati ya Uswidi, maji yalitoka kuelekea baharini, na usawa ukaanguka mpaka ukawa sawa na bahari. Hilo lilitokea miaka kama 11,700 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha baridi kali kilichodumu tangu miaka 12,900 hivi iliyopita. Delta yoyote yenye viwango vyote viwili ilikuwa inajengwa wakati huo. Huhitaji maabara kulijua hilo, unahitaji data ya mwinuko tu.

Kwenye jedwali la alama zako weka safu moja ya ziada: *nimeiona* au *nimeikisia*. Penye msitu, mji au shamba utakisia sana. Si dhambi, ilimradi umeandika.

Angalia pia jinsi matuta yanavyopinda. Lahti ni kona. Hapo zilikutana ndimi mbili za barafu, moja ikitoka upande wa Bahari ya Baltiki, nyingine upande wa maziwa ya katikati mwa Ufini. Ndimi mbili hazina lazima ya kusonga kwa pamoja. Ukichora ukingo kama upinde mmoja laini, utakuwa umezilazimisha.

Hatua ya 3: Kusanya tarehe, kisha zishuku

Hii ndiyo hatua itakayokula muda wako mwingi, na ndiyo inayotenganisha ramani ya maana na picha ya ukutani.

Fikiria gofu la nyumba, na juu ya ukuta ulioanguka limeota boga. Ukijua umri wa boga, unajua nyumba ilianguka *kabla* ya hapo. Hujui ni juzi au karne iliyopita. Tarehe nyingi za barafu ni maboga. Mboji ya chini kabisa kwenye kinamasi cha Ufini inasema barafu ilikuwa imeshaondoka. Haisemi iliondoka lini. Kinyume chake, mfupa wa mamothi, tembo wa kale, au kipande cha mti kilichokutwa *chini* ya udongo wa barafu kinasema barafu ilifika *baada* ya hapo. Kwa hiyo kila tarehe unayoiingiza ipe lebo: kabla, baada, au palepale. Ukikuta hifadhidata isiyo na lebo hiyo, iongeze mwenyewe kwa kusoma maelezo ya mahali sampuli ilipotoka. Kazi ngumu, najua. Ramani yangu ya kwanza niliichora bila lebo, na barafu yangu ikawa inarudi nyuma, inasonga mbele, inarudi tena kila miaka mia mbili kama mtu aliyesahau funguo. Kumbe nilikuwa nimefuata maboga.

Hifadhidata iliyo wazi na yenye lebo nzuri kwa eneo hili ni DATED-1, iliyotolewa mwaka 2016, yenye tarehe zaidi ya 5,000 za ngao za barafu za Ulaya na kaskazini mwa Asia. Anzia hapo.

Njia kuu za kupata tarehe ni tatu.

*Kaboni-14.* Inahitaji kitu kilichowahi kuishi, na inafika nyuma hadi miaka kama 55,000. Umri unaotoka maabara si miaka ya kalenda. Lazima uupitishe kwenye mkunjo wa kusahihisha, ambao kwa nusu ya kaskazini ya dunia ni IntCal20. Programu za OxCal na CALIB zinafanya hivyo bure. Angalia mtego wa eneo letu: karibu na umri wa kaboni wa miaka 10,000 mkunjo unalala bapa. Sampuli zilizopishana miaka mia mbili au zaidi zinaweza kutoa namba ileile. Na bahati mbaya hapo ndipo barafu ilipokuwa inaachana na tuta la pili. Kwa chaza na viumbe wengine wa bahari ongeza tahadhari: maji ya bahari hubeba kaboni ya zamani, kwa kawaida umri hutoka mkubwa kwa miaka kama 400, na zaidi ya hapo katika baadhi ya vipindi.

*Berili-10.* Hii hupima jiwe lenyewe. Miale kutoka anga za juu ikipiga kwatsi, yale madini meupe yanayofanana na kioo, hutengeneza atomi za berili-10. Usawa wa bahari kwenye latitudo za juu ni atomi kama 4 tu kwa gramu kwa mwaka, lakini maabara inaweza kuzihesabu. Barafu ikiliacha jiwe wazi, saa inaanza. Tatizo ni saa ambazo hazikuanzia sifuri. Barafu ikipita bila kukwangua mwamba wa kutosha, yaani mita mbili tatu, jiwe linabaki na atomi za zamani na linaonekana zee kuliko ilivyo. Jiwe lililobiringika baadaye, au lililokaa chini ya maji, linaonekana changa. Kumbuka sehemu kubwa ya kusini mwa Ufini ilikuwa chini ya ziwa barafu ilipoondoka! Tafuta mawe makubwa yaliyo juu ya pwani ya juu kabisa ya zamani. Mengine yote yape alama ya kushukiwa.

Njia hiihii ndiyo iliyotumika Rwenzori, Uganda. Moreni za ziwa Mahoma zilitoa umri wa kati ya takriban miaka 24,000 na 20,000, yaani barafuto (mito ya barafu ya milimani) za pale zilikuwa kubwa wakati uleule ngao za kaskazini zilipokuwa kubwa. Msomaji aliye Fort Portal au Kasese akitaka kuanzia karibu na nyumbani, kazi ni ileile. Eneo ni dogo na mwinuko ni mkali.

*Tabaka za mwaka.* Hii naipenda kuliko zote. Kiangazi, maji ya barafu huleta mchanga mwembamba na tope jepesi. Majira ya baridi ziwa linaganda, na udongo laini wa mfinyanzi unatuama taratibu. Mwaka mmoja, jozi moja: tabaka la rangi nyeupe-nyeupe, tabaka la rangi ya giza. Gerard De Geer wa Uswidi alizitambua karne ya 19, akawatuma wanafunzi wake kuzipima shimo kwa shimo, na mwaka 1910 akauonyesha mkutano wa kimataifa wa wanajiolojia uliofanyika Stockholm kalenda ya miaka 12,000. Nchini Ufini Matti Sauramo alifanya vivyo hivyo, na ndiye aliyehesabu miaka ya kujengwa kwa matuta ya Salpausselkä. Uzuri wake ni kwamba tabaka la chini kabisa limekaa juu ya mwamba mwaka ambao barafu iliondoka *hapo hapo*. Si boga hilo. Ubaya: ukiruka tabaka chache, kalenda nzima inateleza. Kalenda ya Uswidi ilipolinganishwa na barafu iliyochimbwa Greenland, ilionekana ina upungufu wa karne kadhaa. Itumie kwa *kasi*, yaani miaka mingapi kutoka shimo hili hadi lile, na uifunge kwenye kalenda kwa tarehe nyingine.

Baada ya haya utakuwa umekataa tarehe nyingi pengine kuliko ulizobaki nazo. Usizifute. Zihamishie jedwali jingine, na mbele ya kila moja andika sababu.

Hatua ya 4: Chora mistari mitatu, si mmoja

Sasa unganisha. Kwa kila miaka 500 chora ukingo ukifuata moreni na delta, na ulazimishe mstari upite nyuma ya kila tarehe ya "barafu imeshaondoka". Penye pengo la ushahidi, fuata umbo la ardhi: barafu hupenda kurefuka mabondeni na kuchelewa kwenye miinuko.

Kisha chora tena mara mbili. Mstari mmoja wa barafu *ndogo* kabisa inayokubalika bila kumpinga shahidi yeyote mwaminifu, mmoja wa barafu *kubwa* kabisa. Waliotengeneza DATED-1 walifanya hivyo kwa bara zima, na sijaona njia yenye adabu zaidi. Ikiwa umbali kati ya mstari wa chini na wa juu ni kilomita 5, msomaji atajua. Ukiwa kilomita 150, atajua pia, na hatakuja kujenga juu ya mchanga wako.

Jaribu kasi. Kutoka Lahti hadi milima ya kaskazini mwa Uswidi, ambako mabaki ya mwisho yaliyeyuka, ni kilomita kama 800. Ukiipa safari hiyo miaka 1,700 hadi 2,000, ukingo ulikuwa unarudi mita 400 hadi 470 kila mwaka kwa wastani, zaidi ya mita moja kwa siku. Hayo yanawezekana kwa barafu inayoishia majini na kumeguka. Mistari yako ikidai kilomita 5 kwa mwaka kwa karne nzima kwenye nchi kavu, rudi Hatua ya 3; kuna tarehe imekudanganya.

Yale matuta madogo ya mita mbili tatu sasa yana kazi. Yameitwa kwa jina la De Geer, na mara nyingi yamepangana kama mistari ya daftari. Wako wanaohesabu kila tuta ni mwaka. Mimi ningeyatumia kwa umbo la ukingo na kuacha kuhesabu, mpaka yawe yamelinganishwa na tabaka za udongo zilizo karibu.

Hatua ya 5: Ipe barafu unene

Mimina uji mzito kwenye sinia. Hausimami kama ukuta, wala hausambai kama maji: pembeni unashuka ghafla, katikati unalala. Barafu ni hivyohivyo, na kuna hesabu fupi ya kukadiria. Kwa kitanda bapa (ardhi iliyo chini ya barafu) na nguvu ya msuguano ya paskali 100,000 hapo chini, paskali ikiwa kipimo cha mgandamizo:

unene (mita) = 4.7 × kipeuo cha pili cha umbali kutoka ukingoni (mita)

Kilomita 100 ndani ya barafu, umbali ni mita 100,000, kipeuo chake 316, na unene ni karibu mita 1,490. Kilomita 500 ndani unapata karibu mita 3,330. Kwa mstari mmoja wa hesabu umeshafika kwenye kilomita 3 zinazotajwa vitabuni.

Ila usifurahi mapema. Barafu ikikaa juu ya udongo laini ulioloa, msuguano unapungua sana. Ukipunguza paskali hadi 50,000, ile 4.7 inakuwa 3.3, na kilomita 100 ndani unabaki na mita 1,050 tu. Yaani ukingo uleule, ramani ileile, theluthi ya barafu imeyeyuka kwenye karatasi yako! Ndimi za Lahti huenda zilitambaa juu ya udongo wa ziwa, hivyo ningeanza na namba ndogo kusini na kubwa kaskazini kwenye mwamba mgumu. Anayekwambia unene kwa ukingo peke yake anakisia. Shahidi wa unene ni mwingine.

Hatua ya 6: Lihoji godoro

Mwaka 1731 Anders Celsius, yule wa kipimo cha joto, alichonga alama kwenye jiwe la pwani huko Lövgrund, karibu na Gävle nchini Uswidi, usawa wa maji wa siku hizo. Leo alama hiyo iko juu sana ya maji. Watu wa zama zake walidhani bahari inakauka. Mwaka 1865 Mskoti Thomas Jamieson akatoa wazo lililokuja kushinda: ardhi ilibonyea kwa uzito wa barafu, na mzigo ulipoondolewa ikaanza kuinuka.

Ni godoro la sufi. Ukiamka, shimo halijai papo hapo, na pembeni ulipokuwa umekaa palikuwa pamevimba. Chini ya gamba la dunia kuna mwamba wa moto mno unaotiririka polepole, ambao ni mzito mara tatu na nusu hivi kuliko barafu. Mzigo wa kilomita 3 za barafu ukikaa muda wa kutosha unaweza kubonyeza ardhi zaidi ya mita 800.

Unachohitaji hapa ni pwani za zamani zenye umri. Pale Höga Kusten, pwani ya juu ya Uswidi, alama ya maji ya zamani iko mita 286 juu ya bahari ya leo, na mahali hapo paliachwa na barafu miaka kama 10,500 iliyopita. Gawanya: zaidi ya milimita 25 kwa mwaka kwa wastani. Leo panainuka milimita 8 hivi. Kwa hiyo mwanzo kasi ilikuwa kubwa sana, kisha ikapoa. Ufini inaongezeka eneo karibu kilomita za mraba 7 kila mwaka kwa sababu hiyo hiyo.

Weka alama hizi kwenye ramani na uchore mistari ya mwinuko sawa. Itazunguka kama kitovu, na kitovu kiko kwenye Ghuba ya Bothnia. Palipoinuka zaidi ndipo palipokuwa na mzigo mkubwa zaidi, au uliokaa muda mrefu zaidi. Ile *au* ni mwiba. Barafu nene kwa muda mfupi na barafu nyembamba kwa muda mrefu zinaweza kuacha shimo linalofanana, na jibu linategemea pia mwamba wa chini unatiririka kwa kasi gani, jambo ambalo nalo limekadiriwa kwa kutumia pwani hizihizi. Ukiona mtu amepima unene kwa pwani, na mnato wa mwamba kwa pwani zilezile, muulize mkia uko wapi na kichwa kiko wapi.

Kwa mraba wetu wa Lahti rudi kwenye zile delta. Zilijengwa kwenye ziwa moja, kwa hiyo zamani zilikuwa usawa mmoja. Leo za kaskazini-magharibi ziko juu kuliko za kusini-mashariki. Mwinamo huo, kwa mita kwa kila kilomita, ndio kipimo chako mwenyewe cha mzigo. Jaribu unene wa Hatua ya 5, wa paskali 100,000 na wa 50,000, uone upi unatoa mwinamo ulio karibu.

Hatua ya 7: Peleka hesabu baharini

Zidisha eneo kwa unene wa wastani upate ujazo. Kushusha au kupandisha bahari zote mita 1 kunahitaji kilomita za ujazo kama 394,000 za barafu. Ngao ya kilomita za mraba 1,000,000 yenye wastani wa kilomita 1.5 ni kama mita 3.8 za bahari. Toa ile barafu iliyokaa chini ya usawa wa bahari, maana nafasi yake ilichukuliwa na maji ilipoyeyuka.

Jumla ya dunia inajulikana kwa matumbawe yanayoishi karibu na uso wa maji. Ya Barbados yalionyesha bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120. Ya Tahiti yalionyesha mruko wa mita 14 hadi 18 ndani ya takriban miaka 340, kuanzia miaka 14,650 hivi iliyopita. Visiwa hivyo vinapendwa kwa sababu viko mbali na godoro lililobonyea. Hata Unguja ina la kusema: mlango wa bahari kati yake na Bara ni wa kina kifupi, kwa hiyo kisiwa kiliungana na Bara, na ndani ya pango la Kuumbi yamechimbwa mabaki ya pundamilia, mnyama asiyevuka bahari kwa kuogelea. Pemba, iliyotengwa na mlango wa kina cha mamia ya mita, ilibaki kisiwa. Ushahidi wa Kuumbi ni mlegevu, unasema tu bahari ilishuka kuliko kina cha mlango ule, lakini ni wa kweli.

Ukijumlisha ngao zote zilizochorwa na wataalamu, ile ya Kanada pekee ikiwa zaidi ya nusu, bado unapungukiwa na mita kumi na zaidi ukilinganisha na matumbawe. Wenyewe wanaiita barafu iliyopotea. Kwa hiyo usijaze pengo lako kwa kuinenepesha Skandinavia ili hesabu itimie. Umeambiwa na bahari jumla, hukuambiwa nchi.

Hatua ya 8: Modeli, mwishoni

Ukitaka kwenda mbali, PISM ni modeli ya wazi inayokuza barafu yenyewe kutokana na theluji na joto. Inahitaji kompyuta yenye nguvu na mtu anayejua mfumo wa Linux. Iendeshe *bila* kuipa kingo zako, kisha ilinganishe nazo. Ikitofautiana na moreni iliyo wazi, modeli imekosea. Ikitofautiana na mstari uliokisia msituni, huenda wewe ndiye.

Unapompa mtu ramani, mpe faili tatu: mistari mitatu ya kila miaka 500, jedwali la tarehe ulizotumia pamoja na lebo zake, na lile jedwali la tarehe ulizozikataa. La mwisho ndilo litakalofunguliwa kwanza, maana mara nyingi anayekuja baada yako amesimama juu ya kinamasi kilekile akiwa na sampuli mpya mkononi, na anataka kujua kwa nini uliikataa ya zamani.